Jumapili Kabla ya Doria

Adventina hakuuomba ule ujumbe wa kamati. Siku mkutano mkuu wa kijiji ulipokaa kuchagua kamati mpya ya maliasili, yeye alikuwa nyuma kabisa, amekaa majanini na wanawake wenzake, akili yake iko kwenye kahawa aliyoianika nyumbani na mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Rwanda. Mtu akalitaja jina lake. Watu wakapiga makofi. Kabla hajapata la kusema, mtendaji alikuwa amekwisha kumwandika.

Walikuwa na sababu. Hapo kijijini kwao, kata ya Nyakatuntu, ungetafuta sana mtu aliyeujua msitu wa Rwenkende kama yeye. Msitu ulianzia pale migomba ilipokoma, ukapanda kilima, ukashuka upande wa pili hadi kwenye matete ya bondeni. Haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa kijiji kizima, umepimwa na kutengwa, ingawa vibao vya mpaka vilikuwa vimeliwa na mchwa. Ndani yake kulikuwa na mivule ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaizungushi, na mihumula ambayo ukitaka kuiona kileleni shingo inauma. Wale waliokuwa vikongwe wakati Adventina ni mtoto walisema nao waliikuta hivyohivyo.

Huko ndiko alikomlelea mdogo wake. Mama yao alipofariki, Adventina alikuwa msichana wa kuanza kutazamwa na wachumba, na Yustus, kitinda mimba, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Alimbeba mgongoni kwenda kuni, alimbeba kwenda kuokota uyoga, akamlaza kwenye kivuli huku akikusanya matawi makavu. Alipoolewa alikwenda naye. Watu walicheka sana, bibi harusi kufika kwa mume na mtoto wa kushikwa mkono, lakini marehemu mume wake hakuwa mtu wa kujali vicheko. Yustus akakulia hapo, akapewa kipande cha kibanja, shamba la migomba, jirani, akaoa Agnetha, mwenyeji wa Isingiro, akazaa. Hata ndevu zilipoanza kuota mvi kidogo, bado alikuwa anaingia kwa dada yake na kufunua vyungu bila kuuliza.

Kazi yake ilikuwa kupasua mbao. Alianza na mikaratusi na misindano ya watu, iliyopandwa mashambani, na hiyo haikuwa na neno. Alikuwa na mkono mzuri. Aligonga shina kwa mgongo wa shoka, akasikiliza, akakuambia kama mti ni mzima au una uwazi ndani.

Kisiki cha kwanza Adventina alikikuta mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo wanawake waliruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka. Alikuwa ametangulia wenzake, akaona mwanga mahali ambapo hapakuwa na mwanga siku zote. Alipofika akasimama. Mvule mkubwa ulikuwa umelazwa na kukatwakatwa, magogo yameshaondolewa, matawi yametupwa huku na huko. Vumbi la mbao lilikuwa bado na unyevu. Pembezoni mwa kisiki utomvu mweupe ulikuwa unatiririka polepole. Wanawake waliomfuata nyuma wakafika. Mmoja wao akavua kitenge cha kichwani, kama watu wanavyofanya wakikuta msiba.

Alikwenda kwa mtendaji. Mtendaji akasema atalifuatilia. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akasema jambo hilo ni zito, lahitaji hekima. Wiki mbili hazikupita, visiki vikawa vitano.

Kila mtu alijua ni nani. Winston alikuwa mtoto wa hapohapo, aliyekwenda mjini akafungua ghala la mbao, na hakuwa mtu mbaya wa kuangalia. Misiba yote alihudhuria. Madawati ya shule alitoa yeye. Hata kigango kilipoezekwa upya, mbao zilitoka kwake, na katekista alimwombea hadharani. Mkutano ulipoitishwa kuhusu visiki, alikuja na gari lake, akavua kofia, akaongea kwa unyenyekevu.

"Mimi ni wenu," alisema. "Kibali ninacho, ila ni cha eneo jingine kabisa, na huko ndiko ninakovuna. Lakini tuseme ukweli, wazazi wangu. Mti ukishazeeka unaanguka wenyewe, unaoza, mchwa wanakula. Vijana wetu wanashinda kijiweni. Kama kuna mtu anawapa kazi, mimi simjui, ila siwezi kumlaumu."

Vijana wakapiga makofi. Adventina akasimama. Hakuwa mzoefu wa kusema mbele za watu, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Hiyo miti hatukuipanda sisi," alisema. "Baba zetu nao hawakuipanda. Sasa tukiikata, tutawaambia watoto tumeikata kwa ruhusa ya nani?"

Watu walimsikiliza, wengine wakatikisa kichwa kukubali, kisha mvua ikaanza kudondoka na mkutano ukavunjika bila azimio.

Jioni ile alimfuata Yustus kwake. Alimkuta anafunga kamba kwenye mgomba uliolemewa na mkungu.

"Umo?" alimuuliza.

Yustus hakujifanya hakuelewa. "Nimo, dada."

"Kwenye mivule ya Rwenkende?"

"Mimi si mwenye lori. Mimi nina mikono tu. Nisipopasua mimi atapasua mwingine, na mwingine hajui, atauharibu mti bure."

"Acha kazi hiyo, Yustus."

"Mtoto anaingia sekondari," alisema. "Nikiacha, nifanye nini?"

 Walisimama hapo, Adventina ameshika upande mmoja wa kamba bila hata kujijua, mpaka fundo likakaza. Tangu siku ile hawakulizungumza tena, lakini hasira ilibaki kifuani mwa Adventina. Alijisikia kama mtu aliyeibiwa na mwanawe mwenyewe.

Aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ni Seif, muuza duka wa pale senta. Babu yake alitoka pwani kufuata biashara ya kahawa, akaoa Mnyambo, mwenyeji wa hapo, na Seif mwenyewe alizungumza Kinyambo vizuri kuliko watu wengine waliozaliwa vilimani. Alikuwa mtu wa msimamo, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kusamehe. Alipoona viongozi wa kijiji wanazungukazunguka, alimwita Adventina dukani.

"Mama Theoneste," alisema, akitumia jina la mwanae mkubwa aliyekuwa Mwanza, "tukikaa tunangoja hawa, tutalinda visiki. Twende wilayani sisi wenyewe."

Walikwenda. Afisa misitu aliyewapokea alikuwa kijana mwenye macho ya uchovu. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu yake, na Adventina akampenda kwa hilo.

"Nitakuja," alisema. "Lakini niwaambie kitu. Nimekwishafanya doria nyingi nikakuta moto wa wapasuaji bado unafuka na wenyewe hawapo, maana habari zilinitangulia. Mtu mmoja anamwambia shemeji yake, shemeji anapiga simu, basi. Safari hii nataka wajue watu watatu. Mimi, na ninyi wawili. Nitawapa siku, kwa sababu nahitaji mnionyeshe njia ya kuingilia. Mkimwambia mtu, hata kwa nia njema, msitu huo hamtauona tena."

"Mimi hata mke wangu simwambii," Seif akasema.

Afisa akamgeukia Adventina. Naye akaitikia kwa kichwa. Baadaye alikumbuka kwamba wakati ule, pale ofisini, sura ya Yustus ilimjia, akaisukuma kando.

Siku ilipangwa Jumanne.

Jumapili yake, baada ya misa, Adventina alikuwa jikoni anamenya ndizi, Yustus akaingia. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alifunua chungu, akanusa maharage, akatabasamu.

"Leo nimekuja kula kwako," alisema. "Agnetha amekwenda kumwona mgonjwa."

Walikula pamoja, wamekaa kwenye mkeka kama zamani. Yustus aliongea sana siku hiyo, kuliko kawaida yake. Aliongea habari za mtoto na sare za shule, akaongea habari za mnyauko ulioingia kwenye migomba ya jirani. Halafu akawa anachorachora kwenye mkeka kwa kidole.

"Jumanne nina kazi," alisema.

Mkono wa Adventina ulikuwa unaelekea kwenye bakuli. Ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Kazi ya wapi?"

"Hukohuko." Yustus alikuwa anamtazama. "Tunaingia alfajiri, tunatoka jioni. Ule mkubwa wa karibu na chemchemi, ndio wanaoutaka. Kwa hiyo kama una kuni za kupasua, ngoja Alhamisi. Jumanne sipo."

Adventina aliujua huo mvule. Alikuwa amemlaza Yustus chini yake akiwa mtoto. Akahisi maneno yanampanda mpaka kwenye meno. Jumanne usitoke. Yalikuwa maneno mawili tu. Lakini akawaza, nikimwambia, yeye atawezaje kukaa kimya huku wenzake wanaingia? Ana marafiki mle, watu aliokua nao. Atamdokeza mmoja, na huyo mmoja atampigia Winston, na Jumanne afisa atakuta moto unafuka. Halafu kila kitu kitakuwa kazi bure, na mvule wa chemchemi utaanguka Jumatano.

Hayo ndiyo aliyojiambia, na yalikuwa ya kweli. Ila chini yake kulikuwa na kitu kingine, ambacho alikuja kukitambua baada ya muda mrefu. Alikuwa na hasira naye. Alitaka ashtuliwe kidogo. Akamatwe, alale rumande siku moja, apigwe na baridi ya sakafu, atoke akiwa amejifunza. Alidhani ndivyo itakavyokuwa. Alidhani serikali ikija humchukua mwenye mali, na vibarua huwaonya na kuwaachia.

"Haya," akasema. "Kuni zitangoja."

Yustus alikaa kidogo, kama mtu anayesubiri kuongezewa chai. Kisha akainuka, akaliona panga la Adventina pembeni ya mlango, akatoa tupa mfukoni na kukaa kwenye kizingiti kulinoa. Alilinoa taratibu, upande huu na upande huu, akalijaribu kwa kidole gumba. Alipomaliza aliliegemeza ukutani, akamuaga.

"Basi dada, kama hakuna neno, mimi nakwenda."

"Hakuna neno," Adventina akamjibu.

Jumanne asubuhi alikuwa kwenye mibuni. Seif ndiye aliyekwenda kuwaonyesha njia. Adventina alisikia mashine ya kukatia miti ikilia juu kilimani, inapanda na kushuka kama nyuki waliochokozwa. Aliendelea kuchuma. Ghafla sauti ikakatika, na hapo akaacha kuchuma, akabaki ameshika tawi.

Waliwashusha kwa njia ya kigango. Askari wawili wa misitu walitangulia, mgambo wakafuata nyuma, na katikati wanaume wanne wamefungwa mikono wawili wawili. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga kandokando ya njia. Lori halikuwapo. Ilisemekana lilikuwa lije jioni, na dereva alikwisha kupigiwa simu akageuzia njiani. Mvule wa chemchemi ulikuwa umetiwa jeraha la upana wa kiganja, haukuanguka.

Yustus alikuwa wa tatu. Kiatu kimoja kilikuwa kimepotea, na alikuwa anakanyaga kwa uangalifu ili asijichome na changarawe. Alipofika mbele ya Adventina alimwona, na mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kufanya tangu alipojifunza kusema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Adventina akajibu, naye kwa mazoea, kabla hajajua anachokijibu.

Wakapita. Agnetha alikuwa ng'ambo ya njia, mtoto mdogo mgongoni. Alikuwa anawatazama wote wawili.

Kesho yake Adventina alikwenda wilayani peke yake. Afisa misitu alimpa kiti.

"Mama, mimi nilimtaka mwenye mbao," alisema. "Nimepata wenye misumeno. Tumewauliza wote wanne, hakuna anayemtaja. Na faili limekwisha kwenda, halimo tena mikononi mwangu."

"Yule mmoja ni mdogo wangu."

Kijana aliweka kalamu chini. "Sikujua," akasema, na ilionekana kwamba kweli hakujua. "Ungeniambia mapema."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Kijana akainuka, akamfungulia mlango.

Alikwenda pia ghalani kwa Winston. Mbao zilikuwa zimepangwa mpaka darini, na harufu yake ilikuwa harufu ya Rwenkende baada ya mvua. Winston alimwagizia soda, akamwita mama, akampa pole nyingi.

"Hao vijana siwafahamu kikazi," alisema. "Kuna mtu aliwatuma, nami nasikitika sana. Familia zao tutazisaidia, hilo usijali. Sisi ni watu wa kijiji kimoja."

Na kweli alizisaidia. Alipeleka sukari na unga kwa kila nyumba, mara moja. Adventina hakuinywa ile soda.

Mahakamani wote wanne walikiri kukata miti na hawakumtaja mtu. Walihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Yustus alipokuwa anatolewa aligeuka kumtafuta mke wake kwa macho, akampungia mtoto.

Msitu ulipona. Hilo hakuna aliyeweza kulikataa. Lori halikuonekana tena, na vijana walioogopa jela walirudi kwenye mikaratusi. Wageni walikuja kutoka mjini, wakapiga picha kwenye mivule, wakaweka vibao vipya vya bati ambavyo mchwa hawavili. Kijiji kikaitisha mkutano wa kupongezana, na Seif akapewa nafasi ya kusema. Alikuwa na furaha siku hiyo. Hakuwa na ubaya wowote moyoni.

"Nataka niwaambie jambo mlilokuwa hamlijui," alisema. "Siku ile ya doria ilijulikana na watu watatu tu. Na mmoja wao ni huyu mama. Aliijua siku, aliijua na saa, na mdogo wake wa damu alikuwa mle ndani. Hakufungua mdomo. Watu wa namna hii wangekuwa kumi hapa kwetu, msitu huu usingeguswa na mtu."

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amesema jambo ni zito, naye alipiga makofi. Adventina alikuwa ameinamisha uso. Alipouinua aliona mahali pamoja kati ya wanawake pakiwa wazi, na mgongo wa Agnetha ukiishia kwenye kona ya shule.

Agnetha alimjia asubuhi ya siku iliyofuata. Hakuingia ndani. Alisimama uani, na Adventina alipomletea kigoda hakukikalia.

"Wifi," alisema, "Jumapili ile alikula kwako?"

"Alikula."

"Akakuambia habari za Jumanne?"

"Aliniambia."

Agnetha akatingisha kichwa polepole, kama mtu anayepata hesabu aliyokuwa ameikosa muda mrefu. "Mimi sikwenda kwa mgonjwa siku ile. Nilikuwa nyumbani. Tulikaa jana yake tukaongea. Alikuwa na wasiwasi, alisikia watu wa misitu wanazunguka huku. Mimi nikamwambia, nenda kwa dada yako. Yumo kwenye kamati. Mwambie siku mnayoingia, mwambie na mti wenyewe. Kama kuna hatari hatakubali uende, hata kama hatasema kwa nini, utamwona. Yeye ndiye aliyekulea."

Adventina alishika nguzo ya jiko.

"Aliporudi nikamuuliza, amesemaje? Akaniambia, dada hakusema neno, amesema kuni zitangoja. Basi tukalala." Agnetha alikuwa haongei kwa hasira. Ingekuwa afadhali angeongea kwa hasira. "Sikuja kugombana. Nimekuja kukuaga. Nawapeleka watoto kwetu Isingiro."

"Wifi, mimi nilidhani..." Adventina alianza, lakini kila alichokuwa amekidhani kikaonekana kidogo.

"Najua ulidhani," Agnetha akasema. Akaondoka.

Nyumba ya Yustus ikafungwa. Adventina ndiye aliyekipalilia kibanja chao, akayakata majani makavu, akazipeleka ndizi Isingiro kwa bodaboda kila zilipokomaa, na kila mara dereva alirudi na salamu fupi za shukrani. Alikwenda gerezani kila alipoweza. Yustus alitoka kumwona, amenyolewa, amepungua. Alimsalimia kwa heshima ileile, akauliza habari za mibuni na za mnyauko. Siku moja Adventina alijikaza.

"Yustus, Jumapili ile..."

"Dada," alimkatiza kwa upole, "muda wa kuonana ni mfupi. Niambie ile mibuni ya chini kama imezaa."

Akamwambia mibuni ya chini imezaa.

Siku ambazo hakuwa na kazi aliingia Rwenkende, mara nyingine na kamati, mara nyingine peke yake. Jeraha la mvule wa chemchemi lilianza kuota ganda jipya kingoni. Kima walirudi upande ule. Mahali pa visiki mwanga ulikuwa umeita miche mingi, imesongamana, inagombania kwenda juu. Alikuwa anaupenda msitu vilevile, wala hakuweza kuuchukia, ingawa kuna siku alijaribu. Mtu angemuuliza kama ilistahili kulindwa miti ile, angesema ndiyo bila kufikiri. Mtu angemuuliza kama angenyamaza tena, angekaa kimya, na kimya chake kisingekuwa jibu. Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa dogo. Alimkumbuka mdogo wake amekaa kizingitini, tupa mkononi, ananoa panga taratibu kupita kiasi, huku anampa dada yake muda.

Yustus alipotoka hakupita Nyakatuntu. Alishukia Isingiro moja kwa moja. Adventina alingoja mwezi mzima, akidhani atakuja hata kuangalia kibanja. Hakuja. Basi akafunga safari yeye, na kitenge kipya kwa Agnetha, na madaftari ya watoto.

Walimpokea vizuri. Agnetha alimwandalia chai, akamuuliza habari za njiani. Watoto walikuja mmoja mmoja kumwamkia wakiwa wameinama, kama wanavyomwamkia mgeni. Yustus alikuwa anakohoa kidogo. Alisema amepata kazi ya kibarua kwenye shamba la mtu, kupalilia, na kwamba misumeno hataki tena hata kuisikia.

Baada ya chai Agnetha alichukua ndoo, akawaacha. Walikaa wakitazama kuku.

"Ungeniambia tu, Jumanne usitoke," Yustus akasema. Aliyasema bila kumgeukia. "Nisingekuuliza sababu. Ningejifunika shuka, ningesema naumwa."

"Niliogopa ungewaambia wenzako."

Yustus akafikiri. Alifikiri kwelikweli, kama alivyokuwa akifikiri zamani kabla ya kusema mti ni mzima au una uwazi.

"Labda ningewaambia," alisema mwishowe. "Sijui. Kuna usiku mle gerezani niliapa nisingewaambia. Kuna usiku mwingine niliona ningewaambia wote. Sasa mimi sijui, na wewe hujui, na hatutajua."

"Nisamehe, Yustus."

"Nilishakusamehe siku nyingi, dada. Si hilo." Alikohoa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Ni kwamba nikikaa pale kwako, nitakuwa kila nikila najiuliza kuna kitu gani hujaniambia. Sitaki kukuangalia hivyo. Afadhali niwe huku, uwe unakuja."

Adventina aliitikia. Machozi yalimjia, akayazuia kwa sababu watoto walikuwa wanachungulia.

Jua lilipoanza kuinama alisema anakwenda, awahi gari. Yustus akaingia migombani, akakata mkungu mdogo, akaufunga kwa majani makavu ili usimchafue. Agnetha alimuaga mlangoni kwa mikono miwili. Kisha Yustus akamsindikiza.

Kwao mtu humsindikiza dada yake mpaka barabarani, husimama naye mpaka gari lije, humpandishia mzigo, hungoja mpaka vumbi litulie. Yustus alitembea naye kwenye kijia, mkungu begani, wakizungumza habari za mvua. Walipofika kwenye migomba ya mwisho, pale kibanja kinapoishia na rweya, ule uwanda wazi wa majani makavu, inapoanza, alisimama. Barabara ilikuwa inaonekana mbele, si mbali. Aliutua mkungu, akautwika kichwani kwa dada yake, akauweka sawa.

"Safari njema, dada," alisema. "Wasalimie."

Adventina alishukuru, akaanza kuvuka rweya, ameshika mkungu kwa mkono mmoja. Aliposimama kando ya barabara aligeuka. Yustus alikuwa amekwisha kurudi ndani ya migomba.